Mkono wa Santuri Alioupinda Ankol Wanjala

Harufu ya spiriti ya hospitali hunipandisha hasira hadi leo. Kwa wengine ni harufu ya vidonda. Kwangu ni harufu ya sebule yetu ya Kitengela, mwishoni mwa miaka ya tisini, baba akifuta santuri kwa kipande cha nepi kuukuu kilicholowa spiriti, nami kando yake nikiishikilia kwa viganja ili vidole visiguse mistari. Vumbi la machimbo ya mawe liliingia kila mahali, kwenye unga, kwenye masikio, na baba alilichukia kama mtu. Mchana alikuwa karani wa mizani ya malori kule machimboni, akipima mawe kwa tani. Jioni alipima uzito wa sindano ya santuri, gramu mbili tu, kwa mizani ndogo aliyoazima kwa mwenye duka la dawa. Majirani walikuwa wa kaseti. Walituona washamba, nasi tuliwaona viziwi.

Mashine yenyewe ya kuchezea santuri tuliichagua pamoja, mimi na yeye, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Tulikataa ile inayozungushwa na mota moja kwa moja, tukachukua ya mkanda, yenye sahani nzito ya chuma, kwa sababu nilipoweka sikio kwenye ubao wake sikusikia mngurumo wowote. "Masikio ya Nekesa ndiyo yamenunua hii kitu," aliwaambia wageni, nikavimba kichwa mwezi mzima. Alinifundisha kukizungusha kile chuma kilicho mkiani mwa mkono unaobeba sindano: ukikisogeza mbele, sindano inalemea santuri, ukikirudisha nyuma, inakuwa nyepesi. Zaidi yetu wawili, hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Basi Ankol Wanjala, mdogo wake baba, akaja kukaa nasi akitafuta kazi. Kazi yenyewe hakuitafuta sana. Siku moja nikitoka shule nilimkuta na marafiki zake wawili, muziki umekatika, mkono wa mashine umepinda kama mguu wa panzi. Marafiki wakatoroka. Baba alipoingia, ankol akanitangulia: "Brathe, si nilikuambia hii mashine si ya watoto? Nimempata akiivuta-vuta." Loo! Uongo mtupu! Mama alijaribu. "Baba Nekesa, huyu mtoto hushika hiyo kitu kama yai." Hakumsikiliza. Alinizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwangu, akasema nisiisogelee tena. Mnyonge hana haki, nami nililijua hilo shavu likiwaka moto.

Baba alihangaika miezi kupata mkono mwingine. Padri mmoja wa Kajiado aliyekuwa akirudi kwao alikuwa akiuza vitu vyake, na miongoni mwavyo mikono miwili, mmoja mnyoofu na mwingine uliopindwa kwa makusudi na aliyeutengeneza. Kwenda kuchagua, baba alimchukua ankol. Mimi niliachwa nikisugua masufuria. Walirudi na ule mnyoofu, mwepesi, mzuri kupita kiasi, na ankol akajigamba, "Ni mimi nimeuchagua," mtu asiyejua tofauti ya sindano na msumari! Siku hiyo niliapa. Huyu nitamkomesha, nilijiambia, hata ikichukua mwaka.

Ankol alikuwa na santuri zake kumi na mbili za gita alizokuja nazo kutoka Bungoma, akizipenda kuliko watu. Alizicheza Jumapili mchana, baba akiwa kikao cha kanisa. Subira huvuta heri. Kabla hajaketi nilijifanya nafagia, nikasogeza kile chuma mbele kiasi cha unywele. Alipomaliza nikakirudisha palepale. Wiki hadi wiki nikazidisha. Sindano ikawa inalima. Kwanza sauti za juu zikafifia, kisha waimbaji wakashikwa na mafua, mwishowe gita likawa linachachatika kama sukuma wiki kwenye mafuta moto. "Ni hii vumbi ya Kitengela," alilalamika, karibu kulia. "Pole, ankol," nilimwambia. Utamu niliouonja moyoni siwezi kuueleza, wala siuonei haya.

Jumapili moja kikao kiliisha mapema. Baba aliingia, ankol akiwa ametoka kununua sigara, akaona chuma hakiko mahali pake. Akatoa mizani, akapima. Gramu tano. Nilijua nimekwisha. Ankol hakujua hata kile chuma ni cha nini, na mama hakukigusa kamwe. Baba alitazama vidole vyangu. "Kumbe haikuwa wewe," akasema polepole. "Mtu anajua kusogeza hivi hawezi pinda ule wa kwanza." Nilingoja aseme zaidi. Akarudisha mizani kwenye kisanduku, akakiacha chuma nilipokiweka, akaketi kumngoja ndugu yake. Ankol aliporudi, baba akamwambia, "Weka ile unapenda sana, tusikie." Tukaisikiliza yote, pande zote mbili.

Leo nina mashine ya bei ambayo baba angeiita wazimu, yenye mkono wa kaboni na mizani ya umeme. Kitengela imejaa maghorofa, na vijana wananiomba niwafundishe kuchagua. Ankol amezeeka, akinitembelea huomba nimwekee muziki wa gita, nami humwambia ajitafutie kwenye simu. Kwa miaka mingi nilidhani hasira yangu yote ni yake. Lakini baba, ambaye alinirudishia mashine Jumapili ileile na kunikabidhi funguo za kabati la santuri, tulimzika bila hata siku moja kuniambia pole kwa lile kofi. Ankol nilimkomesha nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba bado.