Disketi ya Tisa

Mchezo wa kwanza niliojaribu ulinifanya nipige kelele, mpaka mwalimu mmoja aliyekuwa akingoja fotokopi akaangusha karatasi zake zote sakafuni. Nilikuwa nimebonyeza kitufe kimoja tu. Mkono ulioshika bunduki ukatokea chini ya skrini, mlango ukafunguka, mtu akanijia mbio, na kabla sijajua la kufanya alikuwa amelala chini, damu imetapakaa ukutani. Mimi ndiye niliyemuua. Sikuwa nimewahi kuchinja hata kuku; nyumbani kazi hiyo ilikuwa ya kaka zangu.

"Andika hapana," tajiri wangu akasema kutoka mlangoni, ameshika shavu. "Wallahi, huo hauingii dukani kwangu."

Hii ilikuwa Migori, katikati ya miaka ya tisini. Tajiri wangu alikuwa Mwislamu kutoka Mombasa, mwenye duka la vitabu na vifaa vya ofisi, na mimi nilikuwa mpiga chapa wake. Mwaka huo alinunua Nairobi kompyuta iliyokwisha tumika ili tuachane na taipureta, na muuzaji akamwongezea kisanduku cha disketi kumi na mbili za michezo. Hapo hapo akaona biashara: Jumamosi, mashine ikiwa haina kazi, vijana wa mjini wangeweza kulipa wacheze. Lakini alikuwa mtu wa heshima zake, na hakupenda kuuza kitu asichokijua.

"Wewe ndiye unayeijua mashine," aliniambia. "Icheze yote, mmoja mmoja. Uniambie upi una maana na upi upuuzi. Usinichagulie mchezo wa kunitia aibu msikitini."

Basi kila saa ya chakula cha mchana, wengine wakienda kula, mimi nilibaki na daftari. Disketi ya pili ilikuwa ya gari lililoshangiliwa likikanyaga watu. Nikaandika hapana. Ya tatu ilikuwa karata, ndiyo. Ya nne haikufunguka. Ya tano ilikuwa ya kupanga matofali yanayoanguka, na hiyo niliicheza siku tatu kabla ya kukumbuka kwamba nilikuwa na kazi ya kuchagua.

Wiki ya pili baba alikuja kunitembelea. Alikuwa naibu wa chifu kwa miaka mingi huko kwetu, upande wa Homa Bay, kisha akastaafu, na tangu mama afariki hakupenda kukaa peke yake. Mchana alichoka kutazama kuta za chumba changu cha kupanga, akaanza kuja dukani. Tajiri alimpa kiti na chai, akamwita Mzee, na baba akakaa nyuma ya bega langu kimya kama msimamizi wa mtihani. Siku ya pili akaniuliza kama na yeye anaweza kushika ile mausi.

Nilimwekea disketi ya tisa, kwa sababu ilionekana ndiyo mchezo mtulivu kuliko yote. Hakukuwa na bunduki. Ulikuwa mji mdogo kando ya maji, wenye nyumba, mashamba na ghala la nafaka, na wewe ndiye mkubwa wa mji. Unapanga watu walime wapi, ukuta ujengwe lini, kila nyumba ipewe nafaka kiasi gani. Baba aliujua tangu dakika ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akinieleza mimi.

"Huu ni mzuri," tajiri akasema akipita. "Huu una akili. Andika ndiyo, mbele weka nyota."

Siku ya tatu, mvua ilikosekana katika mji wa baba. Mashamba yakawa ya kahawia. Maandishi yakatokea kwamba ghala halitafika mavuno: je, upunguze sehemu ya kila nyumba, au uchague nyumba za kulishwa? Mimi ningekaa hapo nusu saa. Baba hakukaa hata kidogo. Aliisogeza mausi hadi kwenye vibanda sita vilivyokuwa ng'ambo ya mto, akavifuta kimoja kimoja katika orodha ya ghala.

"Baba, hao watakufa."

"Watakufa wachache," akasema, macho kwenye skrini. "Ukigawa kidogo kidogo kwa wote, unawapoteza wote."

"Umejuaje? Ndiyo kwanza unaucheza."

"Nilishafanya, nyathina, mwanangu."

Nilidhani ana maana ya jana yake. Nikacheka. Akaniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyesikia kicheko matangani.

"Mwaka ule wa mahindi ya manjano ya msaada," akasema. "Lori lilikuja na nusu ya mzigo. Nilikuwa na orodha ya nyumba zote na magunia yasiyotosha. Nikawatoa jodak wa ng'ambo ya mto."

Jodak ni watu waliokuja kutoka kwingine wakapewa mahali pa kukaa kwenye ardhi ya wenyeji. Kwetu walikuwa nyumba chache tu, na katika mojawapo aliishi msichana niliyekaa naye dawati moja darasa la nne. Mwaka huo wa njaa aliacha kuja shule. Nilipouliza nyumbani niliambiwa wamehama. Nililia siku moja, nikapewa mwenzangu mwingine wa dawati, na yakaisha.

"Rafiki yangu," nikasema. "Nyumba yao ilikuwa kati ya hizo?"

"Ilikuwa."

"Walikufa?"

"Mtoto mdogo, nilisikia. Labda wawili. Kisha wakaondoka."

Nilikumbuka kwamba mwaka ule sisi tulikula ugali wa yale mahindi na kuulalamikia, kwamba unanuka gunia. Mama alitugombeza. Baba alikula tu.

Nilisimama nikaizima kompyuta kwa swichi ya ukutani, jambo ambalo tajiri alikuwa amenikataza kabisa.

"Uliniambia wamehama!"

"Walihama."

"Baba!"

"Ulikuwa na miaka kumi. Ningekuambia nini?" Sauti yake haikupanda. "Ungekuwa wewe, ungewatoa akina nani? Nitajie."

Tajiri alikuwa amesimama kati ya makabati ya vitabu, amesikia sehemu, hajui la kufanya. Alikohoa, akasema anaenda kuswali, na adhuhuri alikuwa ameshaiswali. Siku iliyofuata baba alirudi Homa Bay. Nilimsindikiza tukizungumzia dawa zake za presha.

Nilibaki na disketi ya tisa. Niliucheza ule mji kwa hasira, nikitaka kumwonyesha baba, ambaye hakuwapo, kwamba alikosea. Nilipunguza sehemu ya kila nyumba. Watu wakakonda, wachache wakaukimbia mji, kisha mvua ikanyesha na hakuna aliyekufa. Nilipiga meza kwa kiganja. Nikaanza upya ili nihakikishe. Niligawa vile vile, sehemu ile ile, na safari hii mvua ilichelewa. Walikufa wote. Mji mzima, wa ng'ambo na wa huku, mpaka skrini ikawa nyumba tupu na muziki uleule wa furaha ukiendelea. Nikajaribu tena, na tena. Siku nyingine walipona, siku nyingine hawakupona, na hakuna nilichofanya mimi kilichobadilisha mvua. Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimeketi pale nikidai jibu kwa mashine, na mashine ilikuwa haijui.

Jumapili moja nilikwenda Muhuru Bay. Nilikuwa nimeulizia familia ya rafiki yangu kwa wauza samaki sokoni, na mmoja akaniambia watu hao wako huko, mama yake anaanika omena, dagaa wa ziwani. Nilimkuta kweli, amechutama kwenye nyavu zilizotandikwa, anageuza omena kwa mikono. Hakunitambua. Nilipomtajia kijiji chetu na kusema mimi ni mtoto wa nani, alisimama, akajipangusa magamba, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nyara, binti yangu," akasema. "Umekuwa mkubwa hivi?"

Rafiki yangu alikuwa ameolewa kisiwani Mfangano, akaniambia, ana watoto wawili. Nilishukuru kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Alinipa stuli na chai, na chai ikapoa mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia.

"Mama, nimekuja kwa sababu nimejua juzi tu," nikasema. "Kuhusu mahindi. Kwamba baba aliwatoa kwenye orodha. Sikujua. Miaka yote hii sikujua."

Hakuwa na hasira usoni; alikuwa ameshangaa, tena sana.

"Hukujua vipi," akasema polepole, "na wewe ndiye uliyesoma?"

"Nilisoma nini?"

"Majina. Siku ya lori. Baba yako alikusimamisha juu ya kreti, na sare yako ya shule, ukashika karatasi ukasoma majina kwa sauti nzuri, na kila aliyesomwa akaenda na gunia. Tulingoja utusome. Ukamaliza, ukakunja karatasi." Aliokota omena mmoja aliyekuwa ameanguka mchangani, akamrudisha kwenye wavu. "Mzee wangu alitaka kupiga kelele. Nikamshika. Utampigiaje mtoto kelele?"

Chai iliyopoa ilinimwagikia mguuni. Kwa sababu nilikuwa nakumbuka. Nilikumbuka kreti iliyoyumba, na jua, na mwalimu mkuu akisema, sikieni mtoto anavyosoma. Kwa miaka yote ilikuwa siku niliyosifiwa, siku tu ya kusifiwa, haina lori wala njaa ndani yake. Nilitamani ardhi ya Muhuru inimeze, na yule mama akanifuta mguu kwa leso yake.

"Wadogo wawili wa rafiki yako walifia njiani tukija huku," akasema nilipomuuliza nani walikufa. Nilipoondoka alinifungia omena kwenye gazeti. Nilikataa. Akaniwekea kwenye mkoba kwa nguvu.

Jumatatu tajiri aliitaka orodha. Nilimpa daftari, akapitisha kidole, akasimama kwenye ya tisa. Nyota ilikuwa imekatwa.

"Huu si ndio ule wenye akili?"

"Ndiyo, tajiri. Ule wa bunduki haunitishi tena. Ule kila mtu anajua ni mchezo. Huu nauogopa."

"Sasa niandike hapana?"

Nilifikiri. "Hapana. Uweke. Una maana kuliko yote. Ila mimi usiniambie niufungue tena."

Alinitazama kwa wasiwasi, akaandika ndiyo kwa mkono wake mwenyewe. Uliwekwa, na watu hawakuutaka. Vijana wa Migori waliucheza dakika tano, wakauliza kama hakuna wa magari. Mwisho wa mwaka tajiri alikubali wa magari, na hata ule wa bunduki, akasema msikitini hawana haja ya kujua kila kitu.

Kwa baba nilikwenda Krismasi. Tulikaa nje, tukila omena wa Muhuru niliokuwa nimewaweka mpaka siku hiyo, na nilipomaliza kumweleza nilikotoka nao, aliacha kula.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza. "Kwa nini hukusoma mwenyewe?"

"Wangenipiga mawe," akasema. "Wewe wasingekugusa."

Sikujua kama nimesikia vizuri. Nilimtaka arudie, akarudia, neno kwa neno. Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo likinijia huacha nilichokuwa nikifanya.

"Nilidhani unakumbuka. Kila mwaka nilingoja uniulize. Ulipokuwa huulizi, nikafikiri umenisamehe."

Aliweka sahani chini. Tulikaa hivyo mpaka kuku walipoanza kula kwenye sahani yake, wala hakuna aliyewafukuza. Baadaye aliniuliza Muhuru ni siku gani wanaanika omena, na kama yule mama yupo Jumapili. Nikamwambia yupo.

Tulikwenda wote wawili, wiki iliyofuata.