Firigisi ya Bata Mzinga

Jumamosi moja nilialikwa mtaa wa Turffontein, kwa mama mmoja Mkongomani, fundi cherehani, aliyefuga bata mzinga mmoja wa kienyeji uani tangu akiwa kifaranga. Alimchinja mwenyewe, akamnyonyoa kwa maji ya moto, akampika. Mumewe alikaa nasi wageni sebuleni, akisubiri.

Sahani ilipofika, mume aliigeuzageuza nyama kwa uma.

"Mama, firigisi iko wapi?"

Kwao, kama kwetu, firigisi ni ya baba mwenye nyumba.

Mkewe alijipangusa midomo kwa ncha ya kitenge.

"Papa, ule dindon, ule bata mzinga, alikuwa anakulaka nini kila asubuhi?"

Mume alitazama dari. "Sijui."

"Basi anayejua ameshaikula."

Wageni wote tuliinamia sahani zetu. Siku hizi, kuku wetu wa nyumbani Randburg nawalisha mwenyewe, si mke wangu.