Vikaratasi vya Mwalimu Sebarenzi

Kule Itebero, na hata huku Kingi siku ya soko, bado wapo wanaosema kwamba Mwalimu Léopold Sebarenzi aliwauzia askari njia za msitu. Wanasema aliziandika kwa kalamu, moja moja, akampelekea karani wa serikali. Nusu ya maneno hayo ni kweli, ndiyo maana yameishi muda mrefu hivi. Aliziandika. Hakuziuza.

Aliziandika kwa sababu ya neno moja la Kiingereza. Mwaka 1943 Sebarenzi, mtoto wa wakulima wa Kingi, alikuwa ametimiza miaka sita akifundisha shule ndogo ya misheni huko Itebero, na lugha ya watu wa msitu aliisema bila kigugumizi. Mademoazeli mmoja Mwingereza, mmisionari asiyeolewa, alikuwa akitunga kamusi ya lugha hiyo, akamchukua awe msaidizi wake. Walikaa barazani kila asubuhi wakifuata alfabeti, mpaka karibu na mwisho wakafika kwenye neno "way".

"Hili kwetu hata mtoto analitumia," Mademoazeli alisema, "lakini usilidharau."

Akakata vikaratasi, kila maana na chake: njia ya kupita, namna ya kufanya kitu, desturi ya watu, mwenendo wa mtu, umbali, upande, nafasi ya kumpisha mwingine. Kisha akasafiri kwenda misheni nyingine, akamwachia Sebarenzi kazi.

Namna, desturi na mwenendo alivimaliza kwa siku mbili. Kilichomsumbua ni njia yenyewe, ile ya kukanyagwa kwa mguu. Watu wa Itebero walikuwa na jina la njia ya maji na jina jingine la njia ya mitego. Walikuwa na jina la mapito ya nguruwe, ambayo mtu huyaazima tu, na jina la njia iliyoachwa mpaka majani yakaimeza. Sebarenzi aliyakusanya yote kwa furaha. Na kwa kuwa alikuwa amewazoeza wanafunzi wake kutunga mfano kwa kila neno, naye akatunga. Hakupenda uongo hata katika mfano. Sentensi zake zilikuwa za mahali pa kweli na watu wa kweli.

Ikumbukwe ulikuwa mwaka gani. Wazungu walikuwa vitani, na serikali ilidai utomvu wa mpira kwa kila mwanamume. Aliyerudi porini na kikapu chepesi alichapwa. Jamaa kadhaa zilikuwa zimehama kimyakimya na kujenga vibanda ndani kabisa ya msitu. Njia ya kwenda huko ilifungwa kwa desturi yao: tawi linavunjwa na kulazwa chini, majani yakimwelekea anayekuja. Mgeni analiruka na kuendelea, lakini mwenyeji huelewa na kurudi.

Sebarenzi aliuliza hata jina la njia hiyo iliyofungwa. Tangu siku ile wanawake waliacha kuitikia salamu yake. Akipita, mazungumzo yalikatika. Watoto watatu waliacha shule, na hakuna mzazi aliyekuja kueleza.

Mwishowe akaenda kwa Nzabandora, mwindaji aliyemfundisha mengi ya majina yale.

"Mwalimu, unaulizaka njia sana," mzee alisema. "Umepotea?"

"Ni kazi ya kamusi, Papa Nzabandora."

"Muntu mwenye kuuliza njia na haendi, ule tunamuangaliaka mara mbili. Unisomee mambo umeandika."

Sebarenzi akasoma. Njia ya mitego inaachana na njia ya maji penye mti ulioanguka, nyuma ya nyumba ya Nzabandora. Mapito ya nguruwe yanavuka kijito mara mbili, kisha yanapanda kwenye mawe meupe. Njia ya zamani inaanza mkono wa kushoto wa mawe hayo.

Hapo akakishusha kikaratasi. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameisikia kazi yake kwa masikio ya mtu mwingine.

"Endelea, mwalimu," Nzabandora alisema. "Iyi karatasi imefika ku mulango wangu. Bado kupiga hodi tu."

Sebarenzi akavitia vikaratasi vyote motoni, jikoni kwa mzee, vikaungua mbele ya macho yake. Vyote, na kile cha njia iliyofungwa hakikuwahi kuandikwa, kwa sababu hakuna aliyemtajia jina.

Kesho yake karani Honoré akaja na askari wawili. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu ana orodha ya njia.

"Ni maneno ya kamusi, Bwana Karani."

"Kamusi itangoja. Kesho asubuhi hiyo orodha iwe mezani kwangu."

Mchana huo Sebarenzi aliandika upya maneno yaleyale, kila neno na mfano wake, ila njia zote alizihamishia kwao Kingi, upande wa Masisi. Asubuhi Honoré akavisoma mezani kwake kwa sauti: njia ya maji inashuka kupita shamba la mahindi la Mama Mukagasana, njia ya zamani inakata kilima nyuma ya kwa Kanyamibwa. Askari mmoja akaanza kucheka.

"Karani, pale njo kwetu Kingi. Ule Mama Mukagasana ananiuzishiaka mahindi."

Sebarenzi alichapwa viboko kumi na viwili, akafungiwa kasho, chumba cha mahabusu. Vikaratasi Honoré alivitupa uani. Mademoazeli aliporudi akaviokota, akamrudishia mwenyewe. Vipo hadi leo huku Kingi. Anayejua kusoma aje asome.

Ndani ya kasho Sebarenzi alimkuta Nzabandora, aliyekamatwa asubuhi ileile kwa upungufu wa mpira. Mgongo wake ulikuwa umechanika.

"Mwalimu, hata uku umefuata njia?" mzee alimwuliza.

Siku ya pili Nzabandora aliitwa ofisini. Hakurudi kasho. Siku ya tano askari walitoka msituni wakiwa na jamaa tisa zilizofungwa kamba moja, na wanawake walipopita uani walimwona Sebarenzi kwenye kidirisha. Mmoja akatema mate. Wengine wakamtazama tu, wakajua walichotaka kujua: ndiye aliyewauza.

Alipoachiwa alirudi Kingi, akalima viazi, hakufundisha tena.

Mwaka 1956 kijana mmoja akaja kwa miguu kutoka Itebero, siku nne. Alijitambulisha: Callixte, mtoto wa Nzabandora. Mke wa Sebarenzi, Colette, alimpa maziwa.

"Papa Mwalimu, kwetu wanasema ni weye."

"Si mimi."

"Basi ni nani?"

Sebarenzi akamvutia kijana kigoda, akauliza:

"Baba yako angali hai?"

"Iko hai. Lakini haongeeke na watu."

"Urudi, umutunze."

"Papa, nimetembea siku ine. Unipe jina."

"Nimekwambia si mimi. Neno hilo lichukue uwapelekee. Jingine sina."

Kijana alikaa mpaka maziwa yakapoa, kisha akaaga.

Sebarenzi alifariki mwaka 1959, na jina hakulitaja nje ya nyumba yake. Mke wake analijua. Wamekuja kumwuliza watu wa Itebero, wamekuja hata jirani zake mwenyewe, na amewajibu wote jibu moja: Léopold hakuuza njia, na aliyeonyesha njia hatatajwa. Asitarajie mtu jibu la pili.