Umeme Ukikatika, Mwanzo

Siku hizi umeme ukikatika katika ukumbi wa gemu wa mtaa wa Hayaniya, Basra, hakuna anayepaza sauti. Skrini huzima zote kwa mkupuo, feni hupunguza mwendo mpaka zikasimama, na vijana hubaki na pedi za kuchezea mikononi, jasho likiwatiririka shingoni, wakingoja jenereta ya mtaa ishike zamu. Zamani ndani ya giza lile ilisikika sauti moja nzito kutoka nyuma ya kaunta: "Mwanzo." Maana yake mechi iliyokatwa na giza imekufa. Aliyekuwa akiongoza na aliyekuwa akichapwa wote warudi sifuri, waanze upya. Sasa sauti hiyo haipo, na wachezaji hugombana kwa kunong'ona, kama watu walio chumba kimoja na mgonjwa.

Mwenye sauti ni Ghazwan. Mtaani walimwita Abu Nawras, baba Nawras, ingawa hakuwa na mke, seuze huyo Nawras. Lilikuwa jina la mtoto aliyemtarajia tangu ujana wake, na watu waliendelea kumwita hivyo hata baada ya matarajio yenyewe kuchakaa. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. Vita vya Mosul vilimla vidole viwili vya mkono wa kulia, akajifunza kushika pedi kwa vitatu vilivyosalia, na kwa vitatu hivyo aliwachapa wenye vitano.

Chini ya kaunta aliweka kipande cha mpira wa maji. Vijana wakishikana mashati, Abu Nawras alitoka nacho akawapiga wote wawili, bila kuuliza nani kaanza, kisha akawaagizia chai ya ndimu kavu wakanywa meza moja huku migongo inawaka. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Nje ya mlango ule koo mbili, Bait Sarhan na Bait Hilu, zilikuwa zikipigana risasi kwa ajili ya mfereji wa maji ambao wajukuu hawakuwahi hata kuuona, kwa kuwa ulikwisha kukauka. Ndani, kijana wa Sarhan na kijana wa Hilu walikaa bega kwa bega wakiuana kwenye skrini. Ghazwan mwenyewe alitoka ukoo mdogo, usio na bunduki za kutisha mtu. Hakuwa na ngome nyingine katika mji ule ila hiyo moja, kwamba hapendelei. Siku watu watakapoacha kuamini hivyo, alijua, Basra haitakuwa na mahali pa kumweka.

Mwaka wa mwisho wa sauti ile ulikuwa mwaka wa kungoja mashine mpya ya gemu. Watengenezaji walikuwa hawajaonyesha kitu ila kivuli chake na taa moja ya samawati, nayo ikatosha kuwasha moto vichwani mwa watu. Shakir wa Bait Hilu, mlinzi wa geti katika kampuni ya mafuta, alitaka pedi inayopiga teke kama bunduki ya kweli, kiwiko kibaki na maumivu mpaka asubuhi. Hasanein wa Bait Sarhan, dereva wa kreni bandarini, aliomba tu wasiondoe mahali pa kuingizia diski.

"Intaneti ya Basra ni punda," alisema. "Gemu ukianza kulipakua leo, atalicheza mjukuu wako."

"Kwanza umpate wa kukuzalia huyo mjukuu," Shakir akamjibu, na ukumbi ukaangua kicheko.

Wengine walitaka mashine isiyozimia kwa joto la Agosti. Wengine walitaka damu ya kwenye skrini iwe nzito zaidi, ishuke ukutani polepole. Hao Ghazwan aliwapa kisogo. Yeye alikuwa na tumaini moja tu. Alikuwa amesikia kwamba mashine mpya itakuwa na moyo mdogo ndani yake, usiolala umeme unapokatika. Giza litaingia, giza litatoka, na kila mtu atajikuta palepale alipokuwa, ngumi ikiwa hewani, mguu ukiwa hewani. Habari hiyo aliirudia kila siku, mpaka ikawa kama ahadi aliyopewa yeye peke yake.

Alikuwa na sababu, na aliwahi kuisema mara moja tu. Huko Mosul yeye na askari wenzake waliingia kwenye nyumba moja wakiwa sita, kwa mwanga wa taa ya mkononi. Taa ikazimika. Ilipowaka tena walikuwa watano, na yule wa sita hawakumwona tena, hai wala maiti. Tangu hapo Ghazwan hakulipenda giza fupi. Giza refu, alisema, angalau mtu hulizoea.

Fainali ya mashindano ya mtaa iliangukia alasiri ya joto kali, na ikawakutanisha Shakir na Hasanein. Mchezo ulikuwa wa ngumi na mateke, raundi ya mwisho, kila mmoja kabakiwa na uhai mwembamba kama uzi. Waliokosa viti walisimama juu ya kreti za soda. Mpiganaji wa Shakir alirusha ngumi. Mpiganaji wa Hasanein akainama, au akaanza kuanguka. Hapo umeme ukakatika.

Watu walingoja neno. Jenereta ilikohoa nje, ikakohoa tena, ikashika, taa zikarudi, na neno lilikuwa bado halijasemwa. Ghazwan alisimama nyuma ya kaunta akitazama skrini nyeusi. Alikuwa amelisema neno lile mara nyingi mno. Miezi mizima alikuwa ameishi na ndoto ya ile mashine isiyosahau, na alasiri ile, kwa mara ya kwanza, alitaka kuwa yeye ndiye hiyo mashine.

"Shakir ameshinda," alisema. "Ngumi ilikwisha kufika. Nimeona."

Hasanein aligeuka polepole. "Na mwanzo je, Abu Nawras?"

"Nimesema nimeona."

Labda yangeishia kwenye matusi. Lakini Shakir alipanda juu ya kiti, akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele kirefu kama mwanamke anayeingiza bibi harusi. "Mpelekeeni shela," alisema. "Bwana harusi wetu wa Sarhan kaolewa."

Hasanein alipasua bilauri ya chai kwenye ukingo wa meza na kumfyeka nayo kutoka sikioni mpaka tayani. Damu iliruka ikatapakaa kwenye skrini, nyepesi na ya haraka, haikufanana na ile waliyokuwa wakiiomba. Shakir alianguka na kiti chake. Hasanein akampandia kifuani, akainua kigae mara ya pili.

Ghazwan alipeleka mkono chini ya kaunta kutafuta mpira, akaukosa. Mkono ukashika kilichokuwa karibu, mashine kuukuu iliyokuwa ikingoja kupanguswa vumbi, nyeusi, nzito kama tofali. Akaruka nayo, akampiga Hasanein pembeni ya kichwa. Akapiga tena. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa Shakir. Pigo la pili hata yeye hakujua lilikuwa la nini. Alisikia kitu kikivunjika, akatumaini ni plastiki.

Hasanein alikata roho hospitalini kabla ya jua kutua. Shakir alishonwa, akapona.

Kesho yake magari mawili ya Bait Sarhan yalipita mbele ya ukumbi, na wanaume waliosimama nyuma wakamimina risasi. Hawakumlenga mtu. Ndiyo salamu ya kwanza ya watu wenye maiti wao, na mtaa uliielewa ukajilaza chini. Skrini zilipasuka moja baada ya nyingine, kreti za soda zikatoa povu, mashine zikatobolewa hata zile ambazo hazijawahi kumkosea mtu. Wakashuka, wakavuta lango la chuma lenye matundu, wakaandika juu yake kwa rangi nyekundu: PANADAIWA DAMU. PASIUZWE, PASIPANGISHWE. Rangi ilikuwa nyingi, herufi zikachuruzika hadi chini.

Ghazwan alifichwa kwa ami yake, Haji Lafta, mkubwa wa ukoo wao. Wazee wakaomba muhula, wakaupata, na siku ya kikao cha suluhu ikapangwa. Kwa desturi mwenye kuua hupelekwa mbali siku hiyo. Lakini Haji Mizhir, baba wa marehemu, alituma ujumbe kwamba muuaji asipokuja, hakuna kikao, kuna bunduki.

Njiani Haji Lafta alimweleza mwana wa nduguye mambo yalivyosimama. Hasanein akihesabiwa kuwa alishindwa kihalali kisha akatoa kigae, basi alianza yeye. Dia, fidia ya damu, itakuwa nyepesi, na Ghazwan atabaki Basra, atafungua lango lake tena. Akihesabiwa kuwa alidhulumiwa, lawama yote itamwangukia mwamuzi, na mwamuzi atahamishwa mji.

"Kwa hiyo sema uliona," Haji Lafta alimwambia. "Neno moja tu, mwanangu. Nani atakuja kukubishia, skrini?"

Waliketi hemani kwa Bait Sarhan, mkono mmoja wageni, mkono wa pili wenyeji. Kahawa ikaletwa. Wageni wakaweka vikombe chini bila kuvigusa kwa midomo, kama impasavyo mtu aliyekuja na ombi. Nyuma ya Haji Mizhir walisimama wanawe watatu, na mmoja wao alimtazama Ghazwan shingoni tu muda wote, kama mchinjaji. Wazee walisema yao, Sayyid mmoja mwenye kilemba cheusi, mpatanishi, akasema yake. Kahawa ikapoa.

Ndipo Haji Mizhir akainua mkono. Alikuwa mzee mkavu, macho mekundu.

"Mimi gemu lenu silijui, ila sheria yako ya giza nimeisikia," alisema. "Naambiwa mwanangu alikuwa ameshindwa, akakataa kushindwa kama mwanaume, akatoa kioo. Watu wananiambia hivyo msibani kwangu, wanakula wali wangu. Nakuuliza wewe uliyekuwa na macho. Alikuwa ameshindwa, au hakuwa ameshindwa?"

Haji Lafta alikohoa. Ghazwan alitazama vidole vyake vitatu. Aliiona tena skrini, ngumi njiani na kichwa kikiinama, akajaribu kwa nguvu zake zote kusogeza picha ile mbele kidogo tu, unene wa kucha. Haikusogea. Mbele yake palikuwa na giza.

"Sijui, haji," alisema. "Ngumi ilikuwa njiani. Umeme ukakatika. Nilisema nimeona, na sikuona."

Mwana aliyekuwa akitazama shingo alipiga hatua. Haji Mizhir hakugeuka, alinyoosha tu mkono nyuma ukamkuta kifuani, akamzuia.

"Basi alikuwa na haki ya kuanza upya," mzee alisema, na sauti yake ikakatika hapo. Kisha akawaambia wageni, "Kunyweni kahawa yenu."

Wakainywa ilivyo, baridi. Damu ilikuwa imezuiwa, na Basra ilikuwa imekwisha kumtema Ghazwan. Dia kamili, na yeye atoke mjini asirudi, wala kwa harusi wala kwa mazishi, hata yakiwa ya mama yake.

Mashine mpya ilitoka mwaka uliofuata. Ukumbi ulikuwa umefunguliwa na binamu wa Ghazwan, lango limepakwa rangi ya kijani ambayo nyekundu bado inapenya chini yake. Siku ya kwanza waliiwasha, wakacheza huku hakuna aliyejali mchezo. Wote walikuwa wakingoja umeme ukatike, kama watu wa Ramadhani wanaongoja adhana ya magharibi. Ukakatika. Jenereta ikakohoa, ikashika. Skrini ikaja na nembo ya watengenezaji, ikazunguka, ikauliza nani anacheza, kana kwamba hapakuwahi kuwa na mechi.

Shakir, kovu lake likimvuta mdomo upande, aliingia uani na simu akamtumia Ghazwan ujumbe wa sauti. Alikuwa amekusudia kusema mengi. Alisema, "Abu Nawras, mwanzo," akazima. Ujumbe ulisikilizwa. Jibu halikuja.

Ghazwan yuko mji wa Samawa, nyuma ya soko la samaki. Anatengeneza majenereta.