Asubuhi samaki wa bwawa letu walipotoa midomo nje ya maji

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Hii nimezunguka nayo miji mingi bila kuisimulia. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana anayeumbuka hapa ni mimi.

Ni miaka ya tisini, karibu na Lubao, Kakamega. Nilikuwa nimemaliza form four, baba akaniachia bwawa la tilapia. Samaki wale walikuwa wa wageni wa harusi ya dada yangu.

Jirani yetu, kukhu Nekesa, alikuwa mjane anayeishi peke yake. Kukhu kwetu ni nyanya. Alinizawadia kambare wawili, nikawatia humo.

Harusi ilipokaribia nikataka samaki wanone haraka. Samadi tulikuwa tunaweka toroli moja kwa wiki, kwenye kona ya bwawa. Nikamwaga sita kwa siku moja. Sikumwambia mtu.

Siku tatu zikapita mawingu tupu, jua hakuna.

Alfajiri ya siku ya nne nikasikia sauti kama watoto wengi wananyonya.

Ukungu ulilala juu ya maji. Nikasogea. Mamia ya midomo ilikuwa wazi juu ya maji, yote imeelekea pale maji ya kijito yanapoingilia. Nikapiga makofi. Hakuna aliyezama.

Kufikia saa nne walikuwa matumbo juu, weupe. Isipokuwa kambare wawili, wakizunguka polepole katikati ya mizoga.

Baba akaja na majirani, akawaonyesha wale kambare. "Wa Nekesa wako hai, wetu wamekufa. Mnataka ushahidi gani tena?"

Watu wakamleta kukhu pale bwawani, wakimwita mchawi. Akanigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, si ni wewe unashindanga hapa? Waambie."

Nikainama, nikaendelea kuokota mizoga.

Jioni hiyo akabeba godoro lake, akaenda kwa bintiye Likuyani.

Wiki chache baadaye akapita afisa wa samaki. Alinusa tope tu, akauliza samadi ilikuwa kiasi gani. Akanieleza kwamba samadi ikioza inamaliza oksijeni ya maji, na bila jua mimea midogo ya majini haitengenezi nyingine. Samaki hukabwa alfajiri. Kambare anaponea kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu.

Baba alikuwa shambani, hakusikia. Nikamsindikiza afisa hadi barabarani, nikarudi nyumbani, baba sikumwambia.

Kukhu hakurudi. Nyumba yake ilianguka yenyewe.

Nilichojifunza: kabla ya kutafuta mchawi, uliza maji yamefanywa nini. Na ukijua, sema siku hiyo hiyo.

Wenye mabwawa, yenu yalikuwaje? Na kama kuna mtu wa kukhu Nekesa anasoma hapa, samadi niliweka mimi.