Vibanio vya Darasa la Sita

Watoto walimwita Mwalimu Orodha, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha sayansi kwa kuorodhesha: sababu tano za hiki, faida sita za kile, na darasa zima linaitikia mpaka vioo vinatetemeka. Anayezitaja zote anapigiwa makofi. Kama zinahusiana au kila moja imekaa kivyake, hilo halikumnyima mtu usingizi.

Kisha ikaja semina ya walimu, na semina ikaja na ngazi. Ngazi yenyewe ilikuwa kamba iliyoning'inizwa ukutani, na kando yake karatasi tano, kutoka chini kwenda juu: Bado, Kimoja, Vingi, Vimeungana, Nimevuka. Kila mtoto ana kibanio cha nguo chenye jina lake. Akishajibu swali analipima jibu lake mwenyewe, anakwenda kukibana panapomstahili. Aliyetaja jambo moja anabana kwenye Kimoja, aliyetaja mengi kwenye Vingi. Kupanda zaidi ya hapo lazima aseme "kwa sababu", aonyeshe jambo hili limeshikanaje na lile. Na akilipeleka mahali ambapo hakufundishwa, huyo amevuka. Hata Mwalimu Orodha, ambaye semina kwake ni chai na usingizi, alikiri kwamba hiyo kamba ina akili.

Muhula huohuo mke wake akafariki. Alizika, akakaa nyumbani siku saba, akarudi kazini na shati lililopigwa pasi. Hakulia. Si kwamba alijikaza. Machozi hayakuwepo tu, kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi. Alifundisha bila kusikia anachojibiwa. Mtoto akisema neno, yeye anasema "vizuri, anayefuata," na vibanio vikaganda kwenye Vingi kwa wiki tisa.

Dada yake alimpigia simu kila jioni.

"Unaendeleaje, kaka?"

"Nimekula. Nimefua. Nimesahihisha madaftari."

"Mimi nakuuliza unaendeleaje, wewe unanisomea ratiba."

"Ndiyo hivyo hivyo."

Jumatatu moja mwalimu mkuu alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka kama wakubwa wote.

"Alhamisi anakuja mkaguzi, na anataka kuiona ile kamba yako. Asiporidhika, darasa la sita nampa mwingine, wewe utashika stoo ya vitabu. Nimekuvumilia, mwenzangu, lakini watoto wale wana mtihani."

"Sawa," alisema Mwalimu Orodha.

Darasa la sita ndilo lililokuwa linamtoa kitandani. Alilijua hilo kama anavyojua tarehe ya leo, bila kuliumia. Basi Alhamisi akafika shuleni mapema, mlinzi bado anafagia, akapanda juu ya kiti na kuanza kuhamisha vibanio. Mtu mzima na mvi zake anavipandisha cheo vibanio vya nguo! Kumi na viwili akavipeleka juu kabisa, vingine akavipeleka Vimeungana, vitatu akaviacha palepale Vingi ili uongo usizidi. Cha Kobe akakibana Nimevuka. Kobe alikuwa msichana wa dawati la nyuma, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ukimuuliza leo atakujibu kesho. Mwalimu alijiambia hakuna mkaguzi atakayepoteza muda na mtoto asiyefungua mdomo.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Aliisoma kamba kuanzia juu, akaulizia jina la kwanza kabisa. Lo! Kobe.

"Hongera, mwanangu. Hebu nieleze, ulifikaje huku juu?"

Msichana alisimama. Akaitazama kamba, akamtazama mwalimu. Kisha akaenda ukutani, akakitoa kibanio chake na kukishusha hadi Vingi.

"Mimi niko hapa, mama. Mwalimu alituuliza kwa nini geti la shule limeota kutu. Nikasema mvua, nikasema hewa, nikasema rangi imebanduka. Nilivitaja tu. Nyumbani ndipo nikafikiria kwamba rangi ikibanduka, mvua na hewa zinapata njia ya kukigusa chuma. Nikachukua misumari miwili, mmoja nikaupaka mafuta ya kupikia, yote nikailaza nje. Wa mafuta bado unang'aa. Nilitaka kumwambia mwalimu, lakini alikuwa ameshasema anayefuata."

Viti vikaburuzwa. Watoto wengine walikuwa wanainuka mmoja mmoja bila kuambiwa, wanakwenda kushusha vibanio vyao.

Mkaguzi alivua miwani. "Huyu mtoto yuko juu kabisa, mwalimu. Kibanio chake ulikibana mahali pake, na hukujua. Hilo nitaliandika, na lile lingine pia nitaliandika."

Kabla ya saa ya kutoka, mwalimu mkuu alishamwambia akabidhi darasa Jumatatu. Alisema sawa, akapanga chaki zake kwenye kopo, akarudi nyumbani. Viatu vya mkewe vilikuwa bado mlangoni. Simu ikaita.

"Unaendeleaje, kaka?"

"Wamenichukulia darasa."

"Haa! Kwa nini?"

"Nilihamisha vibanio vya watoto."

"Kwa nini sasa?"

Lile "ndiyo hivyo hivyo" lilishamfika mdomoni. Akaviangalia vile viatu.

"Kwa sababu sikujua watoto wamefika wapi. Sikujua kwa sababu nilikuwa siwasikilizi. Na nilikuwa siwasikilizi kwa sababu..." Dada hakumharakisha. "Kwa sababu wifi yako amekufa, dada. Mke wangu amekufa."

Wiki zote hizo kifo hicho alikuwa akikiita "yaliyotokea". Ganzi ilipoanza kutoka, iliuma, naye akalia kwa sauti mpaka jirani akazima redio.