Fimbo ya Hoki Iliyochemshwa na Viazi

Juzi nilikuwa Kahama kwenye duka la vifaa vya michezo, namtafutia mdogo wangu viatu. Ukutani nikaona fimbo ya hoki, nyeusi, inang'aa kama imetoka kupakwa mafuta. Nikaigonga na kucha. Muuzaji akasema, "Hiyo kaboni, dada, sio mti." Nikacheka mpaka akadhani namdharau. Ngoja nikwambie wewe kilichonichekesha.

Kwetu ni upande wa Runzewe. Nikiwa darasa la sita alihamia mwalimu wa kike anayejua hoki, akaja na fimbo moja. Moja! Wasichana kumi na wanane, fimbo moja, kama harusi yenye sahani moja. Akasema, "Iangalieni vizuri, kila mtu akatengeneze yake. Mwisho wa mwezi tunacheza na shule ya Ushirombo. Atakayekuja bila fimbo nzima, atakaa pembeni kushangilia." Mimi, na mdomo huu, nikae kushangilia wenzangu? Bora nilazwe.

Sasa sisi watoto wa wafugaji, fimbo tumezaliwa nazo mkononi. Tukajiona mafundi. Nikachukua gogo la mninga, nikalichonga na panga mpaka likatoa kona chini, kama ya mwalimu kabisa. Siku ya mazoezi, pigo la kwanza tu, kichwa cha fimbo kiliruka kikautangulia mpira. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Ila na zao hazikupona. Kufika jioni uwanja mzima ulikuwa kuni, mpishi wa shule akaja kuokota.

Nikaenda kwa jirani yetu aliyekuwa anawachongea wachimbaji mipini ya sululu. Akakiangalia kipande changu, akatikisa kichwa. "Binti, mti una nyuzi kama nyama. Wewe umezikata hapa kwenye kona. Kona haichongwi, inakunjwa. Kalete mkole ulionyooka, uchemshe mpaka ulegee."

Kuchemsha wapi? Chombo cha kuingia mti kilikuwa kimoja tu nyumbani, chungu kikubwa cha bibi, na ulikuwa msimu wa matobolwa. Unayajua, viazi vitamu vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa juani vigumu kama kokoto, kiangazi unatafuna mpaka taya ziombe likizo. Bibi alipoenda kisimani nikachomeka mkole wangu katikati ya viazi.

Akarudi, akafunua. "Bebe! Wewe mtoto! Leo tunakula mpini?"

"Ni kiungo, bibi."

"Kiungo kina magome?"

Nikajiandaa kukimbia. Lakini nilikuwa nimeshaanza kulia, maana mechi ilikuwa imebaki wiki mbili, nikamweleza yote. Bibi akachukua mwiko, akaukandamiza ule mti kama anavyopima kiazi. "Bado haujaiva. Ongeza kuni."

Kuanzia hapo mpishi wa fimbo akawa yeye. Aliposema tayari, tukaubeba mbio kwa jirani ukiwa bado unatoa moshi. Akaukunja kwenye kigingi taratibu, akaufunga na tyubu ya baiskeli, akapaka mavi ya ng'ombe kwenye ncha zisipasuke, akauweka kivulini siku kumi. Halafu nikasugua upande wa kushoto na kipande cha chupa mpaka ukawa bapa, maana hoki unapigia upande huo tu. Bibi akamalizia na samli.

Ushirombo walikuja na fimbo za dukani, zina vanishi na michirizi. Beki wao mmoja, mrefu kama mlingoti wa bendera, akaiangalia ya kwangu. "Hiyo fimbo au mwiko wa ugali?"

"Sogea karibu nikusonge."

Akasogea kweli. Kipindi cha pili, sare bila bila, tukaufikia mpira pamoja, fimbo kwa fimbo, paa! Nilifumba macho. Nilipofumbua, ya kwake ilikuwa na ufa kutoka chini mpaka katikati. Ya kwangu iko nzima, inanukia viazi. Mpira huo hapo. Niliupiga na nguvu zote za matobolwa, golikipa akausindikiza kwa macho. Mwalimu alitupa filimbi. Bibi, ambaye hakuwa anajua hata timu yetu ni ipi, aliingia uwanjani anacheza na kanga ameifunga kichwani. Moja bila, na hawakurudisha.

Sasa hivi bibi hayupo. Jirani aliwafuata wachimbaji, sijui amefika machimbo gani. Mikole imekatwa ikaenda kuwa matimba, ile miti ya kuzuia mashimo yasibomoke. Na uwanja wenyewe, rafiki yangu, ilitokea rashi ya dhahabu, watu wakaja kwa mamia wakauchimba wote. Pale golini pana duara, shimo la wachimbaji, refu huoni chini. Mwaka jana nilisimama ukingoni, kijana mmoja akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti, hapa mimi nilishatoa ya kwangu zamani, tena juu juu, bila sululu.